Aliyeusubiri Moyo Uamke: Dkt. Geeta Jamnadas Anapotuaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dkt. Geeta Jamnadas, daktari bingwa wa dawa za usingizi, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Katika muda huo amelaza na kuamsha watu wengi kuliko nyumba yoyote ya wageni pale Kariakoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlalamikia kunguni.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Profesa Pantaleo Haule, niliyekuwa mkuu wa idara ya upasuaji wa moyo, niandike wasifu wake. Walitaka kurasa chache za kuwachangamsha watu kabla ya chakula. Nitajitahidi. Lakini nimeshazeeka, moyo wangu mwenyewe umechoka, na lipo jambo ambalo nisipoliandika humu sitapata tena pa kuliandika. Mnivumilie. Mtacheka kwanza.

Dkt. Geeta alikulia ghorofani, juu ya duka la baba yake katika Mtaa wa Mkunguni. Mzee Jamnadas aliuza na kutengeneza karabai na majiko ya mafuta ya taa, na kazi ya binti yake ilikuwa kuwasha kila karabai iliyotoka kwa fundi na kuisikiliza. Mpaka leo husema kwamba karabai nzima huvuma na mbovu hukohoa. Ndiyo maana fundi mmoja mgeni aliyekuja kukagua mashine zetu za usingizi alimkuta ameegemeza sikio kwenye mashine, macho kayafumba, akatuuliza pembeni kama yule mama anaumwa.

Alisomea udaktari hapahapa Dar es Salaam, kisha akaenda Bombay kusomea dawa za usingizi. Majirani walidhani hatarudi. Alirudi na sanduku la vitabu na mtungi wa achari ya embe uliovujia vitabu vyote, na wanafunzi wake wa mwanzo wanakumbuka kwamba sura ya mapafu ilinukia bizari.

Wauguzi walimwita Mama Usingizi, na jina hilo likatoka nje ya geti. Alipopita Mtaa wa Kongo, wachukuzi waliweka mizigo chini wakamsalimia, "Shikamoo Mama Usingizi," naye aliitikia marahaba na kuuliza kama kidonda kimekauka.

Alikuwa na namna yake ya kuwalaza watu. Wengine huwaambia wagonjwa wahesabu. Yeye humwomba mgonjwa amwelekeze njia, kutoka nyumbani kwake mpaka hospitalini, kama vile anamwelekeza mgeni. Mgonjwa hujitahidi, kwa sababu hakuna mtu wa Dar asiyependa kumwelekeza mgeni njia. Wa Kariakoo wengi hawakuvuka Mnazi Mmoja. Msukuma mkokoteni mmoja alilala palepale kwenye viwanja, akaamka baada ya upasuaji, na neno lake la kwanza likawa, "Halafu unakata kulia."

Jambo jingine tulilolicheka kwa miaka mingi ni safari zake za Feri. Dkt. Geeta hajala nyama wala samaki tangu azaliwe. Hata akiona supu ya kuku hugeuza uso. Hata hivyo, baadhi ya Jumamosi alionekana soko la samaki, na Jumatatu Sista Nasma, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, alinusa mkoba wake na kumuuliza kama ameanza kuwala changu kwa siri. Dkt. Geeta alijibu kwamba alikwenda kupunga upepo. Tulicheka, nami nikiwemo. Safari hizo nitazirudia.

Si malaika. Huendesha gari vibaya kiasi kwamba walinzi wa geti humwondolea koni kabla hajazigonga. Akikasirika hunong'ona Kigujarati, naye Godbless, mtaalamu wetu wa mashine ya moyo na mapafu, amejifunza ya kutosha kumjibu. Lakini kila jioni kabla ya upasuaji alikwenda kitandani kwa mgonjwa, akavuta kiti, akaeleza kila kitu kwa maneno ya nyumbani. Desturi hiyo haikuwepo kabla yake. Leo madaktari wote aliowafundisha wanaifuata.

Niseme sasa kazi yake kubwa, maana wengi mtakaosoma karatasi hii hamjawahi kuingia chumba chetu.

Ili kubadilisha vali ya moyo, lazima moyo usimame. Mashine huushikia kazi. Daktari wa upasuaji huubana mshipa mkuu kwa kibanio, na tangu hapo msuli wa moyo haupati damu. Unashinda njaa. Kazi ikiisha, kibanio huachiwa, damu hurudi, na hapo ndipo roho zetu hukaa mkononi. Mara nyingi moyo huamka ukiwa umezubaa. Haujafa, ila hausukumi vizuri. Unahitaji muda, na unahitaji mtu asiyeuharakisha.

Wakati wetu tulifundishwa kwamba dawa za usingizi za kuvuta, kama ile halotheni ya zamani, huulegeza moyo. Ni kweli huulegeza, na kwa hiyo sisi wapasuaji tuliziogopa. Dkt. Geeta ndiye aliyekuja na habari nyingine. Alisoma kwamba gesi hizohizo, hasa zile mpya zilizofuata, zinaweza pia kuukinga moyo: ukipewa kiasi kidogo kabla ya njaa na baada yake, huenda ukazubaa kidogo tu na kuamka upesi zaidi. Sista Nasma alipomwomba aeleze kwa Kiswahili, alisema kwamba mtu aliyezoea kufunga sunna, Ramadhani haimwangushi. Gesi inaufungisha moyo sunna, ili faradhi ikija usishtuke. Nasma alicheka mpaka barakoa ikamvuka, eti leo kafundishwa saumu na Mhindi. Dkt. Geeta akamkumbusha kwamba na yeye hufunga Jumatatu, tena hajawahi kumwona Nasma akifunga hiyo sunna.

Hakusema ni muujiza. Mpaka leo tafiti kubwa za ng'ambo hazijakubaliana: nyingine zinaona gesi inasaidia, nyingine zinakuta wanaopona ni walewale kwa gesi au kwa sindano. Yeye alitaka kujua kwa wagonjwa wetu, ambao huja wamechelewa na mioyo yao imechakaa kuliko ile ya vitabuni. Akaanza kulinganisha, taratibu, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Siku zile chumba chetu kilikuwa na desturi yake. Godbless alitaja kwa sauti muda ambao moyo umekaa bila damu. Kibanio kilipoachiwa, yeye alisema, "Hodi." Na pigo la kwanza la kweli lilipoonekana kwenye skrini, Dkt. Geeta aliitikia, "Karibu." Ilianza kama utani wao wawili. Baadaye hata mimi nilikuwa sinyooshi mgongo mpaka niisikie ile karibu.

Yapata miaka kumi na miwili iliyopita tulimpokea Uledi, muuza samaki wa Feri, mzaliwa wa Kilwa, mtu wa maneno mengi. Alimwelekeza Dkt. Geeta njia kutoka sokoni na akalala kabla ya kufika Posta. Vali yake ilikuwa imeharibika kuliko tulivyoona kwenye picha. Nilishona, nikafumua, nikashona tena. Godbless aliendelea kutaja muda kama ilivyo kazi yake, na kila alipotaja nilisikia kama ananisimanga. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Baada ya hapo sauti iliyosikika ni ya Dkt. Geeta, mara moja tu, kwa upole: "Daktari, muda." Nikaendelea kushona.

Nilipoachia kibanio, hodi haikupigwa. Nani angeipiga? Nilishamnyamazisha mwenye nayo. Moyo ulitetemeka, ukalegea. Dkt. Geeta aliomba tuuache upumzike kwenye mashine, gesi ikiwa kidogo, tusiuchape mapema kwa dawa kali. Mimi nilitaka yaishe. Nikaamuru gesi ifungwe na dawa ziongezwe. Uledi alifika wodi ya mahututi. Hakutoka humo akiwa hai.

Katika kikao cha kujadili kifo chake, nilisema kwamba gesi ya usingizi iliuzubaisha moyo. Chumba kizima kiligeuka kumtazama Dkt. Geeta. Alisema tuzungumzie na muda ambao moyo ulikaa bila damu. Nikasema muda ulikuwa wa kawaida. Haukuwa wa kawaida. Uliandikwa, kila mtu angeweza kuusoma, lakini mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi, na hakuna aliyeona ni adabu kumwomba Mzee, kama walivyoniita, ausome.

Nilimweleza hivyohivyo Hajira, mjane wa Uledi: moyo wa mumewe haukustahimili dawa ya usingizi. Kwangu yalikuwa maneno ya kitaalamu. Feri yalifika kama Uledi kauawa na nusukaputi, na aliyempa nusukaputi jina lake lilijulikana mpaka kwa wakaanga samaki.

Wiki hiyo nikatoa agizo kwamba katika upasuaji wa moyo gesi ifungwe kabla ya moyo kusimamishwa na isifunguliwe tena. Likabandikwa ukutani. Vijana wakaliita Sheria ya Mzee. Na ule ulinganishaji wa Dkt. Geeta ukafa siku hiyo. Huenda jibu lake lingekuwa kwamba gesi haileti tofauti yoyote kwa watu wetu. Hilo nalo ni jibu. Nililizuia lisizaliwe, si kwa sababu ya elimu, bali kwa sababu gesi ikionekana haina kosa, watu wangeanza kutafuta kosa kwingine.

Hospitali nyingine za jijini zilimtaka. Alibaki. Alilifuata agizo langu bila kulivunja, na kila mwaka katika kikao cha idara aliinua mkono akaomba liondolewe, ili kila daktari aamue kwa mgonjwa aliye mbele yake. Kila mwaka nilisema tutalitazama. Nilipostaafu, nilidhani litakufa lenyewe. Kumbe waliofuata waliona haya kulifuta neno la Mzee angali hai. Karatasi ilipopauka wakaichapa upya, tena kwa herufi kubwa zaidi. Kwa heshima waliyonipa mimi, yeye alifungwa mikono mpaka mwaka wake wa mwisho wa kazi.

Mapema mwaka huu niliambiwa kwamba vali yangu nayo imesinyaa. Madaktari niliowafundisha walitaka kunipasua. Dkt. Geeta akaja nyumbani kwangu Upanga kunieleza habari za usingizi, kama anavyomfanyia kila mgonjwa. Alikunywa chai, akawaulizia wajukuu, akasifu pazia. Halafu akavuta kiti karibu.

"Kaka Pantaleo," akasema, "nikulaze kwa sheria yako, au kwa akili yangu?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kikao, na hakuna hata moja lililofaa kwa moyo uliomo kifuani mwangu mimi. Nikamwambia, "Kwa akili yako, dada."

Hakutabasamu. "Na yule atakayelala kesho," akauliza, "ambaye si Profesa?"

Ndipo nikaanza kumweleza habari za siku ya Uledi, kana kwamba ni siri: jinsi nilivyochelewa, jinsi nilivyomnyamazisha Godbless. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nilikuwepo, kaka. Ambaye hakuwepo ni Hajira." Hapo ndipo nilipojua Jumamosi zile alikuwa akienda wapi. Alikwenda kumwona mjane yule na kuulizia watoto. Hakuwahi kunitaja kwake. Alisema hakutaka kumpelekea mtu mwenye msiba ugomvi wa madaktari.

Baada ya vipimo zaidi, wenzangu waliona mapafu yangu hayatahimili upasuaji, nami nimekubali. Kwa hiyo sitalazwa kwa akili yake wala kwa sheria yangu. Nimebakiwa na muda kidogo, na nimeona niutumie kwa yale mawili aliyonikumbusha pale sebuleni.

Kwanza, Hajira. Wiki iliyopita Godbless alinipeleka Feri kwa gari lake. Sikuweza kushuka. Hajira sasa ana banda lake la kukaanga samaki, na alikuja dirishani mikono ikiwa na magamba. Nilimweleza wazi kwamba mumewe hakuuawa na nusukaputi. Kwamba niliuacha moyo wake bila damu kwa muda mrefu mno, nikamfunga mdomo aliyekuwa akinikumbusha, kisha nikamwachia mwenzangu lawama. Nyuma yake mteja alilalamika kwamba samaki anaungua.

"Mwache aungue," Hajira akasema, bila kugeuka.

Akamtazama Godbless, naye akaitika kwa kichwa. Kisha akaniambia, "Mzee, wewe umekuja na gari, na umekaa humohumo ndani. Yule mama anakuja kwa miguu. Miaka yote hii namwacha asimame juani, simpi hata kigoda. Ananiuliza watoto wanasomaje, namkatia samaki mbele ya uso ili kichefuchefu kimwondoe. Na haondoki mpaka amesema kwaheri."

Sikumwomba msamaha pale mbele ya wateja wake, asije akaona lazima anipe. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja humu. Amenipa, na akanipa na ujumbe, ambao nauandika kama ulivyotoka kinywani mwake: "Mwambie aje Jumamosi. Kigoda kipo. Wewe nitakufikiria."

Pili, lile agizo. Nimemweleza Dkt. Stella Mapunda, mkuu wa idara wa sasa, mambo yote niliyoyaeleza humu, nikamwomba aliondoe ukutani nikiwa hai, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba wamesubiri nizikwe kwanza. Amenihakikishia kwamba litabanduliwa asubuhi ya tarehe 30, Dkt. Geeta akiwa bado kazini, na kwamba mgonjwa wa siku hiyo atalazwa kwa uamuzi wa daktari wake wa usingizi peke yake. Dkt. Stella anakusudia pia kuuanza upya ule ulinganishaji, na safari hii jibu litapokelewa vyovyote litakavyokuja. Godbless naye ameagizwa ataje muda kwa sauti ya kusikika na wote, na asimwogope mzee yeyote. Aliniuliza kama anaruhusiwa kupiga hodi. Nilimwambia mimi si mtu wa kuulizwa tena.

Dkt. Geeta, kwa niaba ya wauguzi, madaktari, wahudumu, walinzi wa geti na koni zao, tunakushukuru. Umetulaza salama na kutuamsha salama, umewafundisha walio wengi humu ndani, na umefanya kazi na watu tuliokunyima haki bila kumpunguzia mgonjwa hata mmoja uangalizi wako. Tunakuombea siha njema, asubuhi zisizo na simu ya dharura, achari isiyovuja, na Jumamosi nyingi za kukaa kivulini kwenye kigoda chako.

Ngazi za ukumbini sitaziweza siku hiyo, kwa hiyo nakuaga kwa maandishi haya. Ukimaliza kuagwa na wenzetu, pita Upanga unipigie hodi. Nikichelewa kuitikia, usigeuke upesi. Wewe unajua kuliko sisi sote: moyo uliokaa muda mrefu bila damu huchelewa kuamka.